Nani Aliyemwita Puma?

Septemba inapoingia, milima ya Rocky magharibi mwa Marekani hujaa wawindaji wa elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake huweza kupita kilo 300. Mwindaji wa upinde hana budi kumkaribia mnyama huyo mpaka hatua thelathini au arobaini, na ili afike hapo hujifuta kabisa. Huvaa nguo za mabaka zinazofanana na majani, huzifua kwa sabuni isiyo na harufu, hukaa mahali ambapo upepo unampiga usoni. Kisha hujibanza nyuma ya gogo na kupuliza kifaa kidogo kinachoigiza mlio wa elki jike. Anatulia na kusubiri. Mara nyingine anayetokea si elki.

Visa vya wawindaji na puma vinafanana sana. Mtu alikuwa ametulia, akahisi kitu, akageuka, akamwona paka mkubwa wa rangi ya mchanga amelala chini hatua kumi kutoka alipo, mkia ukichezacheza. Wengine hupiga kelele, puma akaondoka. Wengine hufyatua risasi au mshale. Wote husimulia kwa sentensi moja: alikuwa ananiwinda. Siwalaumu kwa kuogopa. Puma dume huwa na kilo 60 hadi 70, na wengine hufika 100. Ana nguvu za kumwangusha elki kwa kumng'ata shingo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angetetemeka. Ninachokipinga ni namna visa hivyo vinavyochukuliwa kutoka msituni na kuwekwa mezani pa watunga sera, kana kwamba vinathibitisha kuwa puma wamezidi, wamepoteza woga wa binadamu, na sasa wapunguzwe kwa bunduki.

Tuangalie kwanza nini hasa kimetokea pale kwenye gogo. Puma, ambaye Wamarekani wengi humwita simba wa milimani ingawa hangurumi na ukoo wake uko karibu zaidi na duma na paka wa nyumbani, ni mwindaji wa kuvizia. Chakula chake kikuu ni kulungu, na puma mmoja huua takriban kulungu mmoja kwa wiki. Hutegemea macho na masikio, na hufanya kazi sana alfajiri na magharibi, saa zilezile ambazo mwindaji huwa yuko msituni. Sasa mtu huyu amejificha, ameondoa harufu yake, hasemi, hatembei, na anatoa sauti ya mawindo. Amefuta kila dalili ambayo ingemwambia puma kwamba huyu ni binadamu, kisha ameongeza moja inayosema kwamba huyu ni chakula. Wanaowinda bata mzinga wa porini kwa kuigiza sauti zao hukutana na jambo hilohilo kila msimu wa machipuko. Paka amekuja kwa sababu ameitwa.

Puma anayejua kwamba yuko mbele ya binadamu hufanya mambo mengine. Katika jangwa la New Mexico, Linda Sweanor, Kenneth Logan na wenzao walifuatilia puma waliofungwa kola za redio kuanzia mwaka 1985, na walikusanya kumbukumbu za mara 256 ambapo watafiti waliwakaribia wanyama hao kwa makusudi. Puma walionyesha ishara za vitisho mara 16 tu, na nyingi kati ya hizo zilitoka kwa majike wenye watoto. Huko Santa Cruz, California, Justine Smith na wenzake walifunga spika karibu na mizoga ya kulungu waliouawa na puma. Puma aliporudi kula, spika ilitoa ama sauti za vyura ama sauti za watu wakizungumza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: puma walikimbia katika asilimia 83 ya majaribio ya sauti za watu, na mara moja tu kwa sababu ya vyura. Sauti zilizotumika zilikuwa za watangazaji wa siasa wa redio na televisheni za Marekani, wa kulia na wa kushoto. Puma hawakuonyesha kupendelea chama.

Kwa hiyo madai kwamba puma hamwogopi tena binadamu yanapingana na ushahidi uliopimwa uwanjani. Lakini vikao vya sera havijazwi na takwimu za spika na vyura. Mtu mmoja aliyesimama mbele ya kamati akasema "nilikuwa hatua kumi" ana uzito kuliko jedwali zima, na wanasiasa wa majimbo ya magharibi wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2023 Utah ilipitisha sheria inayomruhusu mtu mwenye leseni ya kawaida ya uwindaji kumuua puma siku yoyote ya mwaka, bila kibali maalumu na bila kikomo cha idadi. Machi 2024, vijana wawili ndugu waliokuwa wakitafuta pembe za kulungu zilizodondoka katika wilaya ya El Dorado, California, walishambuliwa na puma. Mmoja alifariki, mwingine akajeruhiwa usoni. Kabla wiki haijaisha, sauti zilisikika zikisema haya ndiyo malipo ya California kupiga marufuku uwindaji wa puma.

Msiba ule ulikuwa wa kweli na hakuna hoja inayoupunguza. Ila hesabu yake inapaswa kusomwa yote. California ilisimamisha uwindaji wa puma wa burudani mwaka 1972, wapiga kura wakaufanya mwiko wa kudumu kwa kura ya maoni ya mwaka 1990, na mwaka 1996 wakakataa kuufungua tena. Ni jimbo lenye watu wapatao milioni 39, wengi wakiishi na kukimbia mazoezi kando ya makazi ya puma. Kifo cha El Dorado kilikuwa cha kwanza katika jimbo hilo tangu mwaka 2004. Katika Amerika Kaskazini nzima, waliouawa na puma kwa zaidi ya karne moja ni watu wapatao 30. Vifo viwili vya mwaka 2018, kimoja Washington na kingine Oregon, vilitokea katika majimbo yanayoruhusu uwindaji.

Msomaji wa Lindi au Rufiji akisoma takwimu hizo anaweza kucheka kwa uchungu. Utafiti wa Craig Packer na wenzake wa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao wakulima, baadhi wakiwa wamelala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe ndiye aliyemvuta simba shambani, na mkulima hakuwa na uchaguzi wa kulala kwingine. Mwindaji wa elki ana uchaguzi.

Je, uwindaji wa jumla unapunguza hatari? Hapa ndipo hoja ya usalama inapoyumba zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Washington, akiwamo Robert Wielgus, walipitia kumbukumbu za jimbo lao wakakuta kwamba pale puma walipouawa kwa wingi, malalamiko na vifo vya mifugo viliongezeka mwaka uliofuata. Utafiti mwingine wa British Columbia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta uhusiano wa aina hiyohiyo kwa kipindi cha miongo mitatu. Maelezo yake yanaeleweka. Dume mzima hushika eneo kubwa na kuwafukuza wengine. Akiuawa, eneo linaingiwa na madume wadogo, wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambao hawajui kuwinda vizuri, hawana pa kukaa, na hujaribu chochote kinachopita, iwe kondoo au mbwa. Kwa simba wetu jambo linalofanana na hilo limeonekana: dume akiondolewa mapema, wageni huingia na kuua watoto wake. Ndiyo sababu Tanzania iliweka sharti kwamba simba wa kuwindwa awe amefikisha angalau miaka sita.

Nikiri kwamba tafiti hizo za Amerika zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo. Inawezekana kabisa kwamba mahali penye puma wengi ndipo wanapowindwa sana na ndipo malalamiko yanapozidi, na wakosoaji wa Wielgus wamelisema hilo. Hata tukiwapa wakosoaji haki yao yote, bado anayetaka watu waue puma ili watoto wawe salama ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi, na mimi sijauona.

Dhana kwamba puma wapunguzwe kwa bunduki ina historia ndefu. Kuanzia 1907 hadi 1963 California ililipa fedha kwa kila puma aliyeuawa, na zaidi ya 12,000 wakafa kwa malipo hayo. Majimbo mengine yalifanya vivyo hivyo. Aliyesaidia kubadilisha mawazo alikuwa Maurice Hornocker, aliyeanza mwaka 1964 kuwafuatilia puma katika milima ya Idaho katikati ya theluji. Aliona kwamba puma hujigawia maeneo na kujizuia wenyewe kuzidi, na kwamba kulungu na elki waliongezeka huku puma wakiendelea kuwala. Katika miaka hiyo jimbo baada ya jimbo lilimtoa puma kwenye orodha ya wanyama waharibifu na kumweka kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa kwa kibali. Kumbe kibali cha uwindaji, ambacho leo watetezi wengi wa wanyama wanakiona ni hukumu ya kifo, wakati ule kilikuwa ulinzi.

Na Hornocker aliwapataje puma wake? Kwa mbwa. Mbwa wa msako hufuata nyayo, humkimbiza puma mpaka apande mtini, kisha mtu hufika akiwa na sindano ya usingizi. Wawindaji hutumia mbinu hiyohiyo, wao wakifika na bunduki, na picha ya mnyama aliyekwama juu ya tawi huku mbwa wakibweka chini inaudhi watu wengi wa mijini. Inaniudhi mimi pia. Oregon ilipiga marufuku mbwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1994, Washington ikafuata mwaka 1996. Kilichotokea kinapaswa kuwafikirisha waliopiga kura zile. Idara za wanyamapori zilishusha bei ya vibali na kurefusha misimu. Maelfu ya wawindaji wa kulungu na elki wakaanza kubeba kibali cha puma mfukoni kwa kubahatisha tu, na idadi ya puma waliouawa haikushuka, ilipanda.

Tofauti ni hii: mwenye mbwa humtazama puma aliye mtini kwa dakika nyingi. Anaweza kuona kama ni dume au jike, mzima au mchanga, kama nyayo za watoto zinamfuata, kisha akawafunga mbwa kamba na kuondoka. Colorado inamtaka kila mwindaji wa puma afaulu mtihani unaohusu mambo hayo, inakataza kumuua jike mwenye watoto, na nyama lazima itayarishwe kwa kuliwa. Mwindaji wa elki aliyekutana na puma kwa ghafla ana sekunde tatu na moyo unaodunda. Atamfyatulia yeyote. Marufuku iliyokusudiwa kupunguza ukatili iliugeuza mkutano wa bahati mbaya kuwa mbinu rasmi ya uwindaji, na kila kisa cha "nilikuwa hatua kumi" kikapata leseni.

Colorado yenyewe ilipiga kura Novemba 2024 juu ya kukomesha uwindaji wa puma, ambao jimbo linakadiria kuwa kati ya 3,800 na 4,400, huku takriban 500 wakiuawa kila mwaka. Asilimia 55 hivi walikataa marufuku. Naona walipata jibu linalovumilika kupitia mabishano mabaya: upande mmoja uliwachora wawindaji kama wachinjaji wa vichwa vya ukutani, mwingine ukatishia kwamba puma wangejaa viwanja vya shule. Wachache walizungumzia fedha, ingawa ndiko mzizi uliko. Chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi huenda kwenye idara za wanyamapori za majimbo, pamoja na ada za leseni. Wawindaji ni karibu watu 6 katika kila 100, lakini ndio wanaolipa sehemu kubwa ya mishahara, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Idara inayoishi kwa kuuza leseni za elki na kulungu haiwezi kumwona puma kwa jicho lile ambalo angeonwa nalo na idara inayolipwa na wapanda milima.

Ningeutetea uwindaji wa puma wenye mgawo, mtihani na ukaguzi, ukijieleza kwa majina yake halisi: ni mila ya watu wa milimani, ni chanzo cha fedha za hifadhi, ni nyama. Puma aliyemshambulia mtu au anayerudia kuua mifugo aondolewe, na California yenyewe hutoa vibali kwa ajili ya hilo. Nisichokikubali ni sheria ya aina ya Utah. Ipo njia nyingine: kaskazini mashariki mwa Washington, Bart George, mtaalamu wa wanyamapori wa kabila la Kalispel, amekuwa akiwafukuza puma waliofungwa kola kwa kutumia mbwa bila kuwaua, na wanyama hao hujifunza kukimbia mtu akiwa bado mbali. Kazi hiyo inahitaji watu wenye mbwa wazuri na ujuzi wa nyayo, yaani wawindaji walewale wanaotukanwa mijini. Pia inahitaji fedha ambazo hazitoki kwenye leseni ya kuua. Miaka ya 1990 lilitolewa pendekezo la kutoza kodi ndogo kwenye darubini, mahema na mabegi ya mgongoni ili wapenda wanyama wasiowinda nao wachangie hifadhi. Wenye viwanda vya bidhaa hizo walilipinga, na halikupita.