Miwani ya Superman na ujumbe wa "msinitaje jina"

Kila msimu wa kahawa unapokaribia, ujumbe unaotufikia studio huanza kufanana. Mtu anaeleza jinsi yeye au jirani yake alivyouza kahawa kwa butura ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na nani aliyeinunua. Mwishoni anaandika: "msinitaje jina". Leo tunaeleza ombi hilo linaweza kukulinda kiasi gani.

Wengi mmemwona Superman kwenye vibanda umiza. Picha yake inayojulikana sana katika vitabu vya katuni ni ya mwanamume mwenye miwani anayefungua shati, na ndani linaonekana vazi la shujaa. Huyo mwenye miwani ni Clark Kent, mwandishi wa habari mpole. Jerry Siegel na Joe Shuster walimtoa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1938, na tangu hapo watu wanauliza inakuwaje wafanyakazi wenzake wasimtambue kwa sababu ya miwani tu. Labda ni kwa kuwa anaishi mji mkubwa. Igurwa asingemaliza wiki.

Kenya nayo ilimpata wa kwake mwaka 2010, katika jarida la katuni la Shujaaz. Boyie ni kijana aliyemaliza shule na hana ajira. Chumbani kwake ameunda mtambo wa redio, anaingilia masafa ya vituo vingine na kujiita DJ Boyie, na watu hawajui ni nani. Baadaye jarida hilo likaja Tanzania kwa Kiswahili, likiwa na DJ Tee. Tunampenda Boyie, ingawa sisi wenye leseni tukifanya anayoyafanya tutafungiwa siku hiyo hiyo.

Superman alipoingia redioni mwaka 1940, miwani haikuwa na kazi tena. Mwigizaji Bud Collyer alilazimika kutumia sauti mbili, moja ya Clark na nyingine nzito ya Superman. Redioni sauti ndiyo sura. Ukipiga simu hewani bila kutaja jina, aliyekununua kwa butura anaweza kukutambua kabla hujamaliza salamu. Ujumbe wa maandishi ni afadhali, lakini ukitaja kitongoji, idadi ya miti na mwezi uliotafuta ada ya mtoto, tayari umejitaja. Hayo tunayaondoa kabla ya kusoma. Namba yako tunabaki nayo, na hatumpi mnunuzi anayekuja kuuliza. Ila laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo tusiwadanganye kwamba haionekani popote.

Jina la mnunuzi nalo hatulisomi kabla ya kumsikiliza. Wengine mnakasirika, mnasema tunawalinda matajiri. Lakini aliyejificha anaweza pia kuwa mnunuzi mwenzake anayetaka kumwondoa sokoni, na sisi hatuna macho ya Superman ya kuona kupitia ukuta.

Ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inazungumzia taarifa zinazopelekwa kwa mamlaka zinazohusika. Kutuma ujumbe redioni si jambo lile lile. Kama unachokijua kina rushwa ndani yake, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bila malipo. Waambie wao kwanza, kisha sisi.