Tunakata Peugeot kwa kilo, kisha tunaagiza taa yake Uingereza

Mwezi uliopita nilifika kwenye yadi moja ya vyuma vikuukuu kando ya barabara kuu, si mbali na Mariakani, nikiwa na shilingi elfu nane mfukoni na spana mbili. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeliona pale gari aina ya Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Halikuwa na injini wala magurudumu, na kuku walikuwa wametagia kwenye siti ya nyuma. Lakini taa zake mbili za mbele zilikuwa nzima, vioo bila ufa. Nilipatana bei na kijana wa zamu, nikaenda kutafuta pesa.

Niliporudi gari halikuwepo. Lilikatwa kwa gesi usiku wa kuamkia siku hiyo, mapande yakapakiwa kwenye lori, na vioo vya taa vilikuwa chini, vimesagika pamoja na mchanga.

"Mzee, umechelewa," yule kijana akaniambia. "Lori la kiwandani likija halimngoji mtu."

Sikuweza kumlaumu. Yeye hulipwa kwa uzito, na mtoto wake hali taa za Peugeot. Ila njia nzima ya kurudi Mombasa nilikuwa nikipiga hesabu. Zile taa mbili hazifiki kilo tatu. Kwa bei ya chuma, tena kioo hakihesabiwi, yadi ilipata pesa za soda. Mimi nilikuwa naleta elfu nane.

Msomaji asiyeyajua magari haya atashangaa mtu mzima kuhangaikia taa. Basi nieleze. Taa ya 504 si ya mviringo kama ya Land Rover ya zamani, ambayo hadi leo ukiingia duka la spea hukosi ya kufanana nayo. Ina pembe nne zisizolingana na hukaa ndani ya bodi kama jicho ndani ya tundu lake. Ukiweka nyingine, lazima ukate bati, na ukishakata bati umelipoteza gari. Tena si kila taa ya 504 inafaa. Wafaransa huendesha upande wa kulia wa barabara, na kioo cha taa yao kimechongwa mistari ya kuelekeza mwanga kwenye ukingo wa upande huo. Ukiifunga hapa kwetu, ukipunguza mwanga usiku unammulika machoni dereva anayekuja. Kwa hivyo taa iliyo sahihi hutoka nchi zinazoendesha kushoto: Uingereza, Australia, Afrika Kusini, na Kenya. Ndivyo ilivyo pia kwa stelingi, dashibodi na mitambo ya waipa.

Hapo ndipo jambo langu lilipo. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likawa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969. Wafaransa waliacha kuunda saluni yake mwaka 1983. Sisi tuliendelea kuunganisha 504 humu nchini hadi miaka ya 2000. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wa rika langu tunaikumbuka kama matatu ya masafa marefu, abiria wamebanana, mizigo juu ya keria. Nchi chache duniani zimebaki na akiba ya 504 za stelingi ya kulia. Sisi ni mojawapo, na akiba hiyo tunaiyeyusha kuwa vyuma vya ujenzi. Kisha mtu kama mimi anaagiza taa kuukuu kutoka Uingereza, analipa nauli ya ndege, ushuru, na VAT ya asilimia 16 juu yake.

Wengine husema haya ni mambo ya wenye pesa na starehe zao. Pengine ni kweli kwa wanaorejesha magari ya Kimarekani. Mwaka 2009 Mkenya Ian Duncan alishinda mashindano ya East African Safari Classic, yale ya magari ya zamani ambayo tumezoea kuyaona yakianzia au kuishia huku Pwani, na alishinda kwa Ford Mustang. Nilipenda ushindi ule, kwa sababu wengi walidhani gari la namna hiyo ni la lami na kiburi tu. Lakini tazama tofauti ya mwenye Mustang na mwenye 504. Mustang ya mwaka 1967 unaweza kuijenga kwa kuagiza tu: kampuni ya Dynacorn ya huko Marekani hutengeneza bodi nzima mpya kwa leseni ya Ford. Na mtu anayetaka spea ya mwaka ule ule, si ya kufanana, anasoma namba zilizochapwa kwenye chuma chenyewe. Ikianza na C7Z, C ni miaka ya sitini, 7 ni mwaka wa saba wake, Z ni Mustang. Pembeni kuna tarehe ya kuchomwa kwa chuma: 7C14 ni tarehe 14 Machi 1967. Mnunuzi akiambiwa injini ni ya asili, anainama na tochi anahakikisha mwenyewe.

Kwetu kitabu hicho kimo vichwani mwa mafundi. Fundi ninayemtegemea yuko Jomvu, umri wake umepita sabini, na hutambua tofauti kwa vidole. Duka likikuuzia "spea ya 504" bila kukuuliza ni 504 gani, yeye hukurudisha dukani. Ile ndefu ina springi nne nyuma, mbili kila upande, kwa ajili ya mzigo. Saluni ina mbili, na nyingi zake zina mhimili wa nyuma wa namna nyingine kabisa. Injini zake zina slivu za kuchomoa, ndiyo maana alizifufua moja baada ya nyingine miaka yote hiyo bila kutupa bloku. Gasketi hukata kwa mkono. Bushi humpelekea mkereza chuma wa jirani akiwa na ile ya zamani kama kielelezo. Lakini taa hawezi kuikereza, wala kioo cha mbele kilichopinda, wala beji, wala swichi ya indiketa. Vitu hivyo vikishakwisha kwenye yadi, vimekwisha.

Na sheria zetu zimefunga mlango wa pili. Gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini kwa matumizi ya kawaida. Nakubaliana na sheria hiyo, hatutaki kuwa jaa la magari ya watu. Ila maana yake ni kwamba siwezi kuleta 504 mbovu kutoka Afrika Kusini nikaichinja kwa spea. Kilichomo nchini ndicho hicho hicho.

Sasa tuongeze jambo la tatu. Rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari iliyotolewa mwaka 2025 inataka hata magari ya kibinafsi yakaguliwe yakishapita miaka minne. Naunga mkono ukaguzi. Nimeona lori likishuka mteremko bila breki, sihitaji kushawishiwa. Lakini mwenye gari la miaka arobaini na tano atakapoambiwa taa yako haimuliki ipasavyo, rekebisha urudi, na taa haipo dukani, atafanya nini? Ataita watu wa mizani. Kila gari litakaloangushwa na ukaguzi litaishia kwenye mwali wa gesi, na kwa kila moja litakalokatwa bila kuvuliwa spea, lingine litashindwa ukaguzi mwaka unaofuata.

Mtu anaweza kudhani nataka biashara ya vyuma vikuukuu ipigwe marufuku. La hasha. Tulijaribu. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na marufuku ikaondolewa mwezi Mei mwaka huo huo kwa masharti mapya. Miezi ile waliolala njaa ni wakusanyaji wa mikokoteni. Tena Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 ipo, na Baraza lake lipo, na wenye yadi hutakiwa leseni na kumbukumbu za wanachonunua. Lakini shabaha yake ni wizi: nyaya, transfoma, reli. Gari la mzee aliyefariki, lililouzwa kihalali na wanawe, halimsumbui mtu, likatwe tu.

Ninachoomba ni kidogo. Gari zima la zamani likiingia yadi, namba ya chesi iandikwe, na likae siku kumi na nne kabla ya kukatwa, orodha ikiwa mahali mafundi wanaweza kuiona. Nilimweleza mwenye yadi mmoja jambo hili. Akacheka, akasema siku kumi na nne ni pesa iliyolala, na nafasi anailipia kodi. Hoja yake ina uzito. Lakini fundi anaweza kuweka arbuni, na spea zikishatoka, chuma chenyewe bado kipo, uzito umepungua kidogo tu. Nikamtajia zile elfu nane. Akanyamaza, halafu akauliza kama nina wenzangu wangapi wanaotafuta vitu kama hivyo. Nikasema tuko, ila hatujawahi kukaa pamoja tukahesabiana. Hilo ni kosa letu wenyewe, halihusiani na serikali.

Vituo vya polisi navyo vimejaa magari yaliyokaa hadi miti ikaota ndani ya boneti. Yakinadiwa, mara nyingi hununuliwa kwa fungu na mtu mwenye lori. Yanayofaa kuvuliwa yangenadiwa moja moja, mafundi wadogo nao wangepata. Na vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo viko chini ya magavana wetu hapa Pwani, vingemkaribisha mzee kama fundi wangu wa Jomvu siku moja kwa wiki, kijana mmoja akawa na daftari na kipimo. Mzee huyo hana mwanafunzi. Wanawe wako kwenye magari ya kompyuta, na siwalaumu, ndiko kwenye malipo.

Lazima pia niseme jambo ambalo wapenzi wenzangu hawapendi kulisikia. Si kila kitu kinafaa kuwa cha mwaka wake. Kuna duka la zamani lililofungwa ambalo watu walinisifia kwamba bado lina paipu za breki za 504 ndani ya boksi za kiwandani, hazijaguswa. Mpira uliokaa boksini miaka arobaini ni mpira wa miaka arobaini, hata kama haujaona barabara. Hupasuka kwa ndani. Breki, sili, paipu za petroli na tairi, nunua mpya na uitupe boksi nzuri. Taa, beji, usukani na vitasa, hapo tafuta cha asili hadi miguu ichoke. Na bati la sakafu utafute bara, Voi au Taveta kwenye ukavu, maana gari lililoishi Nyali au Likoni chumvi imeshalila chini ya kapeti, ukilikanyaga unaona barabara.

Ijumaa iliyopita yule kijana wa Mariakani alinipigia simu. Namba yangu alikuwa ameiandika ukutani kwa mkaa. Kuna 504 saluni imeingia kutoka upande wa Taita, imeletwa ikiwa juu ya lori, na anasema taa ya kushoto iko safi, ya kulia ina ufa pembeni. Nilimtumia elfu mbili kwa M-Pesa aisukume nyuma ya kibanda, mbali na mtungi wa gesi. Lori la kiwandani linatarajiwa Jumatatu. Mimi naenda kesho alfajiri, na fundi amesema safari hii anakuja pamoja nami.