Ubeti Una Mwenyewe: Tasnifu za Ushairi na Haki ya Chanzo

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu wanaoandika tasnifu kuhusu ushairi wa Kiswahili hufunzwa marejeleo kana kwamba ni somo la alama za uandishi: mwaka ukae wapi, koma ifuate nini, jina la kitabu lilazwe au lisilazwe. Hayo yana mahali pake. Lakini naona yamelifunika swali kubwa zaidi: maneno haya ninayoyachambua yamenifikiaje, na yamepitia mikono ya nani?

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Diwani yake hakuikusanya yeye. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo hizo akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, kisha William Hichens akazihariri, zikachapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kuzikwa. Anayenukuu diwani hiyo na kuandika tu “Muyaka asema” ameruka kumbukumbu za wenyeji, kalamu ya Sikujua na uamuzi wa mhariri. Mbaya zaidi ni yule anayeutoa ubeti katika tasnifu ya mwenziwe, halafu akaitaja diwani ambayo hajawahi kuifungua. Hapo jina la kitabu limegeuka pambo.

Jambo hili si la adabu peke yake, linagusa maana. Tungo nyingi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika uandishi huo, kasra moja yaweza kuwa i au e, dhuma yaweza kuwa u au o, na herufi ba mara nyingi husimama pia badala ya p. Neno lenye ba ya kasra na ta ya fataha laweza kusomwa “pita”. Laweza pia kusomwa “peta”. Aliyelihamishia katika hati za Kirumi ameshatuchagulia. Basi mchambuzi anayejenga hoja ya sura nzima juu ya neno moja, asijue kwamba limechaguliwa na mtu mwingine, huenda anamchambua mhariri huku akidhani anamchambua mshairi.

Kuna pia ugonjwa wa “kusahihisha” lahaja. Mwanafunzi hukutana na “ndia” katika utungo wa Kiamu, akaandika “njia” asije msimamizi akadhani amekosea. Ikiwa kina cha ubeti ni -dia, amekwisha kukivunja. Kisha sura ya nne itatuambia kwamba mshairi huyo hakujali vina!

Najua jibu litakalotolewa: miswada mingi imehifadhiwa London, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hana nauli. Ni kweli, na si haki. Lakini Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina yake ya miswada, na sehemu ya ile ya London imewekwa mtandaoni. Tena, asiyeweza kuufikia mswada aweza walau kulinganisha matoleo mawili yaliyochapishwa na kukiri waziwazi kwamba anategemea usomaji wa mhariri fulani. Kukiri huko hakuhitaji nauli.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kuandika pendekezo la utafiti, apewe ubeti mmoja tu. Aufuatilie kutoka kitabu cha karibu hadi chanzo cha mbali anachoweza kukifikia, aandike kurasa mbili: nani aliutunga, nani aliuhifadhi, nani aliugeuza hati, wapi matoleo yanatofautiana. Chanzo kikiwa ni mzee aliyeghani, basi jina lake, mahali, tarehe na ridhaa yake viandikwe kwa heshima ileile anayopewa profesa. Atakayemaliza zoezi hilo hatahitaji kutishwa kwa adhabu ya wizi wa kitaaluma.

Wala hili si jambo geni kwetu. Mwana Kupona, akihitimisha utendi wake kwa bintiye, alitaja idadi ya beti na mwaka wa kutunga, 1275 wa Hijria, yaani takribani 1858. Watunzi wengi wa tendi walijitaja katika beti za mwisho ili utungo usipotee ukoo wake. Wao walitimiza wajibu wao. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi tunaoandika tasnifu kwa jasho la washairi hao, tuanzie kwenye haki hiyo, koma zije baadaye.