Gereza Bila Wafungwa Wake

Wapo wanaodai kwamba jela ya mkoloni ni aibu, na kuihifadhi ni kumtukuza aliyeijenga. Wapo na wengine waihifadhio, lakini husifu unene wa kuta tu. Wote wamekosea.

Mfano mkubwa uko Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na neno letu "gereza" lasemekana kutokana na neno lao la kanisa. Waingereza waliifanya jela toka mwaka 1895 hadi 1958. Baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho. Je, miaka hiyo 63 ya wafungwa ina uzito mdogo kuliko mizinga ya Wareno?

Nasi wa uwanda wa kati tusijidhani tuko mbali na jambo hili. Mwaka 1889 Bushiri alikishambulia kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa. Mwaka uo huo Wissmann akajenga ngome hapo. Kilimatinde na Kondoa nako kulikuwa na boma. Boma halikuwa ofisi tu: humo watu walihukumiwa, wakachapwa viboko, wakafungwa.

Basi, ndugu mwalimu, uwapelekapo wanafunzi penye boma la kale, usianze na jina la mjenzi. Waulizeni wazee walisimuliwa nini na wazazi wao: nani alifungwa, kwa kosa gani, nani alimpelekea chakula? Yaandikeni majibu hayo sasa. Ukuta ulioanguka waweza kujengwa tena. Jina lililosahauliwa halirudi.