Ishara si za Viziwi Peke Yao



Hapana mtu wa Reli asiyejua kusema kwa mkono. Gadi akionyesha bendera ya kijani, dreva huondoka. Akiona nyekundu, husimama. Asiye na bendera huinua mikono yote miwili juu ya kichwa, na injini husimama vile vile. Katika karakana, nyundo zinapolia, fundi akitaka spana humwonyesha mwenzake kwa vidole. Hatujapata kusikia mtu ye yote akisema kwamba gadi ni bubu kwa sababu apunga bendera. Twajua kwamba mahali sauti isipofika, ishara hufika, na maisha ya watu hutegemea hapo.

Basi twauliza: jambo lililo jema relini, mbona shuleni laonekana kuwa aibu?

Mwenzetu mmoja, shanta, ana binti asiyesikia. Alimpeleka katika shule ya msingi iliyo karibu, naye akaketishwa nyuma ya darasa miaka miwili. Daftari lake lilirudi nyumbani jeupe. Siku moja alishikwa na haja, hakujua namna ya kuomba ruhusa, akajichafua mbele ya wenzake, nao wakamcheka. Tangu siku hiyo alikataa kwenda shule. Ishara moja tu ya mkono, au picha ya choo iliyochorwa katika kipande cha karatasi ngumu, ingalimwokoa mtoto yule.

Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1880 waalimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba watoto wafundishwe kwa mdomo na ishara ziachwe. Neno hilo likaenea pote. Hata shule zetu za kwanza za viziwi, za Mumias na Nyang'oma, zilizofunguliwa na misheni mwaka 1961, zilianza kwa njia ya mdomo. Sisi tuliosoma misheni twakumbuka kile kibao alichovikwa shingoni mtoto aliyesema lugha ya kwao. Twajua uchungu wa kunyang'anywa ulimi. Mtoto kiziwi alinyang'anywa mikono. Mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, mkutano kama ule wa Milan ulikiri kwamba azimio lile lilikuwa na madhara, ukalikataa.

Mwaka huo huo wa 2010 Kenya ilipata Katiba yake. Kifungu cha 7 chaiagiza Serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya, breli, na njia nyingine zinazowafaa watu wenye ulemavu. Kifungu cha 120 chasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya. Ikiwa lugha hiyo yakubaliwa Bungeni, kwa nini binti wa shanta asielewe darasani?

Wazazi wengine huogopa, wasema mtoto akizoea ishara ulimi wake utalala. Lakini kila mtoto mchanga hunyosha mkono kuomba kabla hajajua kusema, wala hapana aliyenyamaza maisha yake yote kwa ajili hiyo. Kule Uingereza, tangu miaka ya 1970, kuna njia iitwayo Makaton, aliyoianzisha mtaalamu wa usemi, Margaret Walker. Mwalimu husema kwa mdomo, na mkono huonyesha neno lililo kubwa, pamoja na picha yake. Huwafaa hata watoto wanaosikia vizuri lakini usemi wao umechelewa. Mdomo haufungwi, mkono wausaidia.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Mtoto kiziwi ahitaji lugha nzima ya ishara, iliyo na sarufi yake, na mwalimu aijuaye barabara. Ishara kumi hazimtoshi. Lakini darasa zima likijua hizo kumi, yeye hatakuwa mgeni kati ya wenzake, na yule mwenye ulimi mzito atapata njia ya kusema, “Naumwa,” au “Sikuelewa.”

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanachama walio katika halmashauri za shule walitie jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao: kila darasa liwe na picha za maji, choo, chakula na ugonjwa, na watoto wote wafundishwe ishara zake. Gharama yake ni maboksi matupu na kalamu. Pili, Chama chetu kishirikiane na vyama vya waalimu kudai kwamba kila mwalimu wa shule ya msingi afundishwe lugha ya ishara angalau ya kuanzia, kazi hii isiachiwe mwalimu mmoja wa darasa maalum. Tatu, sisi wazazi tujifunze pamoja na watoto. Mtoto afundishwaye shuleni, kisha akakuta nyumba isiyomwelewa, amefundishwa nusu.

Sisi twasimamisha gari zima la moshi kwa mikono miwili mitupu. Hatuwezi kusema kwamba kumfikia mtoto mmoja kwa mikono hiyo hiyo ni kazi iliyotushinda.

Umoja ni nguvu.