Pumziko la Mwenye Mzigo

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu na tarehe 30 Novemba, nayo huwakuta watu wa Nyeri katika kazi nyingi. Kahawa imeiva mashambani, toka Othaya hata Mukurweini, na kahawa ikiiva haimngoji mtu: yapasa ichumwe, ichaguliwe na kupelekwa kiwandani siku ile ile. Mjini karani hufunga hesabu za mwaka, na jioni afikapo kwake huanza hesabu nyingine: karo ya Januari, deni la dukani, nauli ya sikukuu. Hao wote Kanisa huwaambia wajitayarishe kumpokea Yule ajaye kuwapa pumziko. Basi si ajabu mtu akiuliza: ni pumziko gani hilo, na litapatikana saa ngapi?

Wengi hudhani kwamba kupumzika ni kumaliza kazi. Lakini kahawa ikiisha kuchumwa, miti hungoja kupogolewa. Na deni moja likilipwa, jingine limekwisha kubisha hodi. Mtu angojaye mizigo yote iishe ndipo apumzike, atangoja mpaka kaburini.

Injili ya Mathayo, sura ya 11, yaonyesha njia nyingine. Bwana Yesu awaita waliochoka na kulemewa, awaahidi pumziko, kisha papo hapo awaagiza wajitwike nira yake. Jambo hili ni gumu kwa msomaji: aliyechoka atwikwe nira tena? Walakini mkulima aliyepata kulima kwa maksai ajua kwamba nira hufunga wawili. Ng'ombe asiyezoea hufungwa pamoja na aliyezoea, naye hujifunza mwendo kwa mwenzake. Pumziko la Injili, basi, si kukosa kazi. Ni kutokuwa peke yako chini ya mzigo.

Watu wa Nyeri walipata kuliona neno hili kwa macho. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, wanaume wengi wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakabeba vyakula na risasi mpaka nchi iliyokuwa ya Wadachi, ambayo leo ni Tanzania. Maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani. Ukumbusho wao umebaki katika majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Katika hospitali za wapagazi hao, huko Voi, Kilwa na Lindi, alihudumu Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata, aliyezaliwa Italia mwaka 1891 na kufika Kenya mwaka 1915. Baada ya vita alikaa Gikondi, karibu na Mukurweini, toka mwaka 1920 hata alipofariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa ameambukizwa tauni na mgonjwa aliyemwuguza. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri, katika ibada iliyofanywa Nyeri.

Sista huyo hakuweza kuvikomesha vita, wala kuyaondoa maradhi yote. Aliloweza ni kuketi karibu na mgonjwa, kumwosha vidonda, na kumjulisha kwamba hakusahauliwa. Mpagazi aliyelala pale alikuwa angali na maumivu yake, lakini hakuyachukua peke yake.

Majilio yana Jumapili nne tu. Karani asiyepata usingizi aweza kuzitaja hesabu zake mbele ya Mungu kabla ya kuzima taa. Hazitapungua, lakini atakuwa amezishika na mwenziwe. Naye mkulima aliyemaliza kuchuma kahawa yake na avuke mpaka wa shamba, amsaidie jirani mjane ambaye yake ingali mitini. Huenda pumziko alilolitafuta siku nyingi akalikuta huko, kikapu kikiwa bado kiunoni.