Moto wa Al-Salam Boccaccio 98: Tusiisingizie Kadari

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 2006, meli ya abiria Al-Salam Boccaccio 98 ilizama katika Bahari ya Sham, ikitoka bandari ya Duba, Saudi Arabia, kwenda Safaga, Misri. Ilichukua watu wapatao 1,400. Wengi walikuwa wafanyakazi wa Kimisri waliokuwa wakirejea kwa wake na watoto wao, na miongoni mwao walikuwemo mahujaji waliokwisha kuitekeleza nguzo ya tano. Waliookolewa ni 388 tu.

Muislamu anapofikwa na msiba hufanya istirjai, akasubiri. Na tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba anayekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Liwazo hilo, ndugu zetu, ni la wafiwa. Mwenye meli hana haki ya kulifanya ngao.

Hebu tuitazame sababu yenyewe. Moto ulizuka katika sitaha ya magari muda si mrefu baada ya meli kung'oa nanga. Mabaharia wakaupiga kwa maji ya bahari, na maji hayo hayakupata pa kutokea, kwa kuwa matundu ya kuyatoa yaliziba. Maji yaliyotuama juu ya sitaha pana hayatulii: meli ikiinama kidogo, nayo hukimbilia upande huo huo na kuzidi kuilaza. Basi kilichoizamisha meli ile, kwa hakika, ni maji ya kuuzimia moto. Nahodha naye hakurejea Duba iliyokuwa karibu, bali alishika njia ya Safaga. Manusura walieleza kuwa waliambiwa hakuna hatari.

Uokoaji ndio unaotusikitisha zaidi. Ishara ya hatari ilinaswa mbali kabisa, huko Scotland, katika kituo cha jeshi la anga la Uingereza, kisha ikafikishwa Misri. Hata hivyo, vyombo vya uokoaji vilifika baada ya saa nyingi, watu wakielea gizani katika bahari iliyochafuka. Meli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Saint Catherine, ilipata habari na haikugeuka. Nahodha wake alihukumiwa kifungo cha miezi sita mwaka 2008. Miezi sita!

Wanazuoni wetu wa fiqhi wametenganisha zamani baina ya ajali isiyozuilika na tafriti, yaani uzembe wa aliyekabidhiwa amana. Mwenye tafriti hubeba dhamana, hata kama kila kitu kimekwisha kuandikwa. Kadari huaminiwa na haikati kesi.

Mahakama ya Misri ilimwachia huru mwenye meli mwaka 2008. Rufaa ya mwaka 2009 ikampa kifungo cha miaka 7, naye alikuwa keshaondoka nchini.